Ubao wa Jozi

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila ukungu unaposhuka juu ya Doha hunirudia yenyewe bila kuitwa. Ilikuwa mwezi wa pili, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nami kijana wa miaka ishirini na saba, mwembamba wa mwili na mpana wa mdomo. Ukungu wa siku ile haukuwa wa mchezo. Ungeweza kuukata vipande ukavipanga kwenye friji, ukaja kuvitoa mwezi wa saba ujipooze navyo. Nilisimama mlangoni pa karakana ya Bu Hamad kule Al Wukair, enzi hizo nyumba zake bado za kuhesabu na katikati yake mchanga mtupu, nikawa siuoni hata mnara wa msikiti wa jirani. Nilisikia tu kokoto zikisagika chini ya magurudumu, gari likiondoka polepole, likimezwa na ule weupe mpaka taa zake za nyuma zikawa kama makaa mawili yanayozimika. Ndani ya gari walikuwemo Bu Hamad na kaka yake mgonjwa, wanakwenda hospitali. Nyuma yangu, juu ya meza, ulilala ubao. Na kichwani mwangu lilikuwemo neno moja la Kiarabu ambalo nilikuwa na hakika nalo kuliko jina langu la ubatizo.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Wewe umekuja juzi tu, bado unashangaa jua la hapa linavyokwangua, na sitaki upotee njiani.

Mimi ni mtu wa Mufindi, nimezaliwa kwenye baridi na misitu. Kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni mjini Iringa. Mchana nasukuma randa katika kibanda cha seremala mmoja mkali, jioni nasinzia mbele ya mwalimu wa hesabu. Useremala wenyewe niliufanya miezi minane. Nilipofika Qatar miezi ile ilinenepa, ikawa miaka minane. Nadhani ni hewa ya huku. Cheti changu nilikifunga ndani ya nailoni nikawa natembea nacho, na vijana wenzangu, Watanzania na Wakenya tuliokuwa tukikutana Ijumaa pale Al Sadd, wakaniita Profesa. Walikuwa wananikejeli. Mimi nikaitika.

Na Kiarabu? Kiarabu sikujifunza, mwanangu, kwa sababu niliona ninacho tayari. Nilisikia watu wanasema kitab, nami nina kitabu. Wanasema sabun, nami nina sabuni. Wanasema shukran, mimi hiyo ninayo tangu tumboni mwa mama yangu. "Kiarabu," niliwatangazia wenzangu, "ni Kiswahili kilichoshikwa na mafua." Otieno, dereva mmoja wa Kisumu, akaniuliza, "Sasa Profesa, mbona wakiongea wewe unatingisha tu kichwa kama mjusi ukutani?" Nikamjibu kwamba mtu mwenye elimu haingilii mazungumzo ya watu.

Siku yangu ya kwanza katika majlisi ya Bu Hamad, sebule yake ya wageni, nilimiminiwa gahwa, ile kahawa yao nyepesi yenye iliki, kwenye kikombe kidogo kama nusu ya ganda la yai. Nikanywa. Nikamiminiwa tena. Sikujua kwamba mtu aliyetosheka hukitikisa kikombe chake, nami sikuuliza. Niliona aibu kukataa, na aibu zaidi kuuliza. Nilikunywa vikombe arobaini. Haya, kumi na saba. Aliyekuwa akinimiminia ni Mzee Makame, Mpemba, mtengeneza kahawa wa nyumba ile tangu Bu Hamad ana nywele nyeusi. Alimimina huku akinitazama kwa makini, kama mtu anayetaka kujua mtungi huu unachukua kiasi gani, na mwisho akaniinamia akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Kitikise, yakhe, utapasuka."

Sasa Bu Hamad mwenyewe. Jina hilo maana yake ni baba yake Hamad. Wenyeji humwita mtu kwa mwanawe wa kwanza. Alikuwa mstaafu, mkimya, ndevu zimechongwa vizuri, na alikuwa na mapenzi yake ya pekee: bunduki za kuwindia. Usishtuke. Wengine hapa hufuga farasi, wengine hufuga kozi wa kuwinda. Yeye alinunua bunduki kuukuu kutoka Ulaya, kila moja na kibali chake na makaratasi mengi kuliko yangu, zikifika anazivua miti yake mibovu na kuzivisha mipya. Kitako, ule mti wa nyuma unaoegemezwa begani, kilichochongwa kwa ajili ya Mzungu mrefu yeye alikifanya kimfae mtu wa kimo chake. Kulenga alilenga kwa nadra, pale uwanja wa shabaha; raha yake ilikuwa kutengeneza. Vyuma vilikaa ndani ya kabati lenye kufuli, ufunguo shingoni mwake, na sheria ya karakana ilikuwa moja tu: chuma chake, mti wangu. Miaka yangu yote pale sikugusa hata skrubu ya bunduki. Niliajiriwa kuendesha gari. Lakini nilipomwambia kuhusu ile miaka minane iliyonenepa, alinipa msasa.

Na hapo, mwanangu, nilipata utulivu ambao sijaupata tena popote. Alasiri kiyoyozi kinavuma kwa sauti ile ile moja, nje dunia nzima imelala kwa joto, mimi nimekaa na kitako mapajani nakipaka mafuta ya kitani kwa kiganja. Unasugua, unasugua, mpaka mti unapata joto. Mti ukipata joto michirizi yake inaamka. Nilikuwa naona vilima vya kwetu ndani yake, naona barabara ya vumbi inayoshuka kwenye mashamba ya chai, naona moshi wa jiko la mama ukipanda na kupinda. Nilikuwa naweza kusugua saa tatu nisijue niko nchi gani. Kuna siku, nakuapia, nilimwona mbwa wetu aliyekufa nikiwa darasa la pili, amejilaza ndani ya kitako cha bunduki ya Kifini, anatikisa mkia. Nilimsugua taratibu asiamke.

Bu Hamad alikuwa na kaka mkubwa, Bwana Jasim, ndiye aliyemfundisha kulenga walipokuwa vijana. Mwaka ule kiharusi kilimpiga mzee yule, kikamnyang'anya mkono wa kulia na nusu ya maneno. Desturi ya ndugu hawa ilikuwa kila msimu wa baridi kupiga hema jangwani na kwenda pamoja kulenga shabaha. Mwaka ule Bwana Jasim aligoma hata kutoka chumbani. Bu Hamad hakubishana naye. Alikaa chini akaandika barua kwa kila muuzaji aliyemfahamu, mpaka akapata bunduki adimu ya mtu wa mkono wa kushoto, komeo lake liko upande wa kushoto. Ilifika kitako chake kimepasuka vibaya. Haikumtia wasiwasi, kwa sababu alikuwa na ubao.

Ubao ule aliuagiza kutoka Uturuki, ukakaa rafuni miaka minne ukikauka kwa amani yake, wa hudhurungi, na ndani yake mawimbi meusi kama wino uliomwagika ndani ya asali. Alikuwa ameuweka kwa ajili ya bunduki yake mwenyewe, ya mwisho, ya kuzeekea. Sasa akautoa kwa kaka yake. Akikazana, kitako kingekuwa tayari kabla hema za jangwani hazijang'olewa, na Bwana Jasim angeweka tena bunduki begani, safari hii bega la kushoto. Hicho tu ndicho alichokitaka baridi ile. Alinieleza mara mbili, kwa maneno na kwa mikono, akijishika bega la kushoto, na macho yake yalikuwa na unyevu nisiouzoea.

Jioni ya kuamkia ile asubuhi ya ukungu aliuchora. Ubavuni mwa ubao akachora umbo zima la kitako, tumbo lake na mgongo wake. Juu, kwenye ukingo, akapiga mstari mmoja mnyoofu wa katikati kutoka mwisho hadi mwisho, ule ambao mafundi huutumia kupimia kila kitu baadaye. Asubuhi, ndani ya ukungu ule, Hamad akaja na gari kuwapeleka hospitali, ili mimi nibaki na ubao. Bu Hamad akachungulia karakana, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akaniambia kwa Kiarabu, akionyesha ubao, "Festo, khashab joz. Kata kwenye mstari, taratibu." Kisha akaniuliza kama nimefahamu.

Nikampigia saluti. Saluti, mwanangu! Gari likaondoka.

Khashab ni mbao, hilo nililijua. Joz nikaligeuza mdomoni kama pipi. Jozi! Jozi ya viatu, jozi ya soksi. Bwana anataka jozi ya mbao. Nikautazama ubao na kila kitu kikajipanga chenyewe kwa uzuri wa ajabu: ndugu wawili, vitako viwili vya mti mmoja, kimoja cha bega la kulia, kimoja cha bega la kushoto, mapacha. Na mstari ni upi kama si ule wa katikati, unaougawa ubao sawasawa? Ule mchoro wa ubavuni, nikaamua, ni wa kazi ya baadaye. Nilikaribia kulia. Niliwaona wazee wale wawili wameketi jangwani na bunduki zao pacha, nami nyuma yao nimesimama, nimevaa koti, naulizwa na watu, ni wewe uliyekata? Nasema, ni mimi.

Sitakuficha, kuna sauti ndogo iliniambia: Festo, mpigie simu kwanza. Nikaijibu kwamba mtu mwenye cheti hapigi simu kuuliza maana ya jozi.

Nikawasha msumeno. Sijawahi kukata vizuri vile, kabla wala baadaye. Msumeno uliingia bila kelele kubwa, kana kwamba ubao ulikuwa unaningoja, na vumbi lake la rangi ya kakao, lenye harufu tamu, likapanda likaelea mlangoni likachanganyika na ukungu mpaka nisijue vumbi linaishia wapi. Nilikuwa kama mtu anayekata wingu. Vipande viwili vikaachana kwa mlio mdogo, kama wa mtu anayevuta pumzi usingizini. Nikavilaza ubavu kwa ubavu. Unene wa kila kimoja vidole viwili tu. Vyembamba kidogo, nikawaza, lakini mwenyewe ana ujuzi wake.

Mzee Makame akaingia na birika la chai.

"Mzee wangu," nikasema, "njoo uone jozi."

"Jozi ya nini?"

"Ya vitako. Bu Hamad ndiye kaagiza."

Akavitazama vile vipande, akanitazama mimi. "Kaagizaje? Nitajie alivyosema, neno kwa neno."

Nikamtajia, na saluti nikamwonyesha. Mzee Makame akaweka birika chini, akavuta ndoo ya rangi akaikalia. "Lahaula! Weye Festo. Ile kokwa anayoila Bu Hamad kwa tende, iliyokunjamana kama ubongo, waijua yaitwaje?"

"Naijua kwa sura."

"Yaitwa jozi. Na mti wake waitwa jozi. Bwana kakwambia huu ni mti wa jozi, kwa hiyo uukate taratibu, uufuate huo mchoro wa ubavuni. Hakukwambia ukate jozi!"

Nikacheka. Nikangoja naye acheke, maana alikuwa mtu wa mzaha. Hakucheka. Ndipo baridi ya ukungu ule ikaniingia, kuanzia vidole vya miguu.

Nikafikiri haraka, kama nilivyozoea. "Tuseme umepasuka wenyewe. Kiyoyozi hiki kinakausha sana, Mzee, hata midomo inapasuka."

"Ubao upasuke wenyewe, uifuate penseli toka mwanzo hadi mwisho?" akasema. "Na msumeno tuseme ulikuwa wapita njia?"

Akanimiminia chai, akanipa, na sauti yake ikashuka. "Nisikize, mwanangu. Kukosea neno si kitu. Mie mwaka wangu wa kwanza hapa niliagizwa mkaa nikaleta kamba, wakacheka, nikacheka, tukaendelea. Lakini weye hukukosea neno. Neno lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alisimama hapo mlangoni akakuuliza umefahamu? Akakupa nafasi. Ukampa saluti. Ubao huu haukukatwa na msumeno, umekatwa na hiyo saluti."

Nimesoma miaka minne masomo ya jioni, mwanangu, na sijapata kufundishwa kama nilivyofundishwa na mzee yule aliyekalia ndoo.

Adhuhuri ukungu ulikuwa umeondoka, jua jeupe limejaa ua mzima. Wakarudi. Bwana Jasim akaingizwa majlisini na kiti chake cha magurudumu, uso nusu umelala, nusu unaangalia. Nikaenda nikasimama mbele yao, nikaungama kwa Kiarabu changu chote. Nikasema, "Baba, ubao nimekata jozi."

Uso wa Bu Hamad ukang'aa. "Umekata joz? Zain! Zain!" Akamgeukia kaka yake akamweleza kwa furaha, akijigusa bega la kushoto, na ile nusu iliyo hai ya uso wa Bwana Jasim ikainuka kidogo.

Umeelewa kilichotokea? Nilikuwa nimesema nimekata jozi. Yeye alisikia nimekata ule mti wa jozi, kazi imekwenda vizuri. Neno lile lile lililoniangusha sasa limenifunika kama blanketi. Ningeweza kutoka pale taratibu. Si nimeshasema? Si nimesikika? Mzee Makame alikuwa akipanga vikombe pembeni. Hakunitazama, lakini mikono yake iliacha kupanga.

Nikaenda karakana nikarudi na vipande viwili, kimoja kila mkono.

Bu Hamad alivipokea, akavibana pamoja, sawasawa kabisa, kama mtu anayefunga kitabu, akavitazama hivyo, akavifungua tena. "Yaani..." alisema, akaishia hapo. Mzee Makame ndiye aliyemweleza, na neno jozi likapita mara nyingi kati yao. Nikauliza kama gundi haiwezi kusaidia. Bu Hamad akatikisa kichwa. Hawezi, alisema, kuweka bega la kaka yake nyuma ya mti ulioungwa. Na ubao mwingine? Mwingine wa kuaminika ungetaka kukaushwa miaka yake tena.

Bwana Jasim akanyoosha mkono wa kushoto. Hatukujua anataka nini. Akachukua kipande kimoja mapajani mwa mdogo wake, akakinusa, akakipapasa kwa kidole gumba. Hakukirudisha.

Bu Hamad akatoka nje akazunguka ua. Alizunguka mara mia moja. Pengine mara kumi, lakini mimi nilikuwa nimeshafunga begi kichwani, nimeshapanda ndege, nimeshashuka Dar es Salaam na cheti changu kwenye nailoni. Aliporudi akasimama mbele yangu akatoa hukumu, Mzee Makame akitafsiri ingawa safari hii niliielewa yote. "Hurudi kwenu. Lakini kuanzia leo, neno lolote nitakalokwambia, hata likiwa dogo, hutanyanyua mguu kabla ya kuniuliza: yaani?"

Yaani, mwanangu! Katika maneno yote ya Kiarabu niliyodhani ninayo, hilo ndilo nililokuwa nalo kweli, na sikuwahi kulitumia. Likawa chakula changu. "Festo, lete maji." "Yaani, baba?" "Yaani maji!" "Festo, washa gari." "Yaani?" Wajukuu wa nyumba ile walijikusanya kunisikiliza, wakanipa jina la Ammi Yaani, ndiyo Baba Mdogo Yaani, na Ijumaa Otieno alipolipata jina hilo Al Sadd nzima ikalijua. Profesa alikufa siku hiyo. Lakini kabla mwaka haujaisha nilikuwa nazungumza Kiarabu cha kueleweka, hicho unachonisikia nikibishana nacho na watu wa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud hadi leo, na kila neno lake nililipata kwa kuuliza.

Lakini hayo ni ya kuchekesha. Sikiliza na haya mengine.

Wiki chache baadaye niliwaendesha ndugu wale kwenda jangwani. Bwana Jasim alikubali kwenda. Alikwenda na nusu yake ya ubao mapajani, hakuna aliyeweza kumtenganisha nayo. Walikaa mbele ya hema juu ya zulia, na Bu Hamad akachukua nusu ya pili, akawa anamwekea kaka yake mafuta kiganjani, kisha anajiwekea yeye. Wakasugua. Siku nzima wazee wawili wanasugua mbao zisizo na kazi, na mchanga mbele yao umelala kama ngozi ya mnyama mkubwa aliyeshiba, unabadilika rangi taratibu, wa maziwa, wa dhahabu, wa waridi. Upepo ulikuwa mwepesi kiasi cha kusikia viganja vyao. Nilikaa nyuma yao na birika, na sikujua kama niko macho.

Siku ya tatu, alasiri, Bwana Jasim akainua kipande chake. Akakiweka begani, bega la kushoto. Akalaza shavu juu yake pale ambapo shavu hulazwa, akafumba jicho moja, akalenga upeo wa jangwa. Hakukuwa na chuma mbele ya ubao ule, hakukuwa na chochote. Alikaa hivyo muda mrefu, mkono unatetemeka kisha unatulia, unatetemeka kisha unatulia. Halafu akashusha pumzi, akakirudisha mapajani, akakifuta kwa ukingo wa kanzu yake. Bu Hamad aligeuza uso wake upande mwingine.

Msimu uliofuata hatukumpeleka jangwani. Tulimpeleka makaburini, kabla baridi haijaanza. Ile bunduki ya mkono wa kushoto ilibaki kabatini, na kwa miaka yote niliyokaa pale Bu Hamad hakuivisha mti mwingine.

Kisa hiki nimekisimulia mara elfu, na kila nikikisimulia msumeno unakuwa mkubwa zaidi na ukungu mzito zaidi. Watu hucheka sana nikifika kwenye saluti, nami huwaachia wacheke, kisha nainuka kuchemsha chai. Sehemu ya bega huwa siwasimulii. Nimekusimulia wewe kwa sababu jana ulinijia na mkataba wako mkononi, nikakuuliza umeelewa yaliyoandikwa, nawe ukatabasamu, ukatingisha kichwa.

Mwanangu, kichwa hicho nakijua. Nilikuwa nacho.

Utaambiwa mengi hapa. Utakuwa getini na redio, au jikoni kwa watu, au nyuma ya usukani, na maneno yatakujia kwa lugha tatu kwa mkupuo, mengine yana sura za ndugu zako kabisa. Yale usiyoyajua kabisa hayatakudhuru sana, kwa sababu utauliza tu, huna jinsi. Ogopa yale unayodhani unayajua. Mtu akikuagiza, mrudishie agizo lake kwa maneno yako mbele ya macho yake, hata kama ana haraka, hata kama mguu wake mmoja uko nje. Atakuona mjinga kwa dakika moja. Ivumilie dakika hiyo, kwa maana huwezi kujua aliyekutuma ameweka nini ndani ya agizo lake. Mimi niliona ubao. Yeye alikuwa ameweka mle baridi ya mwisho ya kaka yake. Na ikitokea umekata, maana siku moja utakata, basi usitafute kiyoyozi cha kusingizia. Nenda useme, na kama maneno yako yamesikika vibaya kwa faida yako, rudi uvilete vile vipande viwili uviweke mbele ya mwenyewe avione.

Nenda sasa, kazi inakungoja. Mungu akupe siha katika nchi hii ya jua, akupe mabwana wanaosubiri maswali na wazee wa kukuambia kweli huku wanakumiminia chai. Akulinde na hakika ya haraka. Mikono yako isiharibu kilichomgharimu mtu miaka kukingoja, na popote utakapotumwa, Mungu akurudishe kwa waliokutuma ukiwa umeibeba haja yao nzima, haijapungua hata kidogo. Amina, mwanangu.